Magodoro ya Mzee Mudathiri

KITUO CHA POLISI KIBITI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rukaiya binti Mudathiri
Umri: Miaka 43
Kazi: Mshonaji, soko la Kibiti
Dini: Mwislamu
Makazi: Kibiti
Tarehe: 14 Novemba 1998, asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo sheria itanishika. Mtu wa hali yangu hatishiki na jela, lakini uongo sina.

Mnamo tarehe 13 Novemba 1998, siku ya Ijumaa, majira ya saa 10 alasiri, nilikuwa uani na baba yangu, Mzee Mudathiri, aliyekuwa fundi magodoro. Alikuwa ametoka kumzika jirani yetu, Bi Zaitun, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua. Badru, mtoto wa marehemu, aliingia na rungu. Alimwambia baba, "Umemla mkeo, umemla mama yangu, sasa unamla Rukaiya. Kila mwenye godoro lako anakufa kifua. Mchawi we." Akampiga, mkono ukavunjika. Majirani walikuwa wamejaa uani na hakuna aliyesogea. Mgambo ndio waliomwokoa, wakawaleta wote wawili hapa kituoni.

Nimekuja kusema kwamba baba yangu si mchawi. Kibaya ni kwamba hesabu ya Badru haina kosa.

Mwaka 1969 tulihamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko, na misufi yetu, iliyotupa sufi ya kujazia magodoro, ikabaki kule. Huko deltani palikuwa na kiwanda cha mbao kilichokufa, na boila lake, tangi la kuchemshia maji, lilikuwa limevikwa kitu cheupe, laini, chenye nyuzinyuzi. Baba alikibandua, akakichanganya na sufi kidogo aliyoipata. Akajisifu kwamba godoro lake halishiki moto wala halikai kunguni. Watu walimpenda kwa hilo, nasi tuliona fahari.

Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani magodoro yalifumuliwa, sufi ikapigwa fimbo mpaka iumuke. Baba alishonea nje barazani. Kupiga tulipiga mama, Bi Zaitun na mimi, bandani, tukifunga mlango ili upepo usiipeperushe. Tulitoka weupe mpaka kope. Bi Zaitun alikuwa akinitania, "Bibi kizee, mchumba atakukimbia." Tulifanya hivyo miaka mingi, hadi biashara ya nje ilipofunguliwa, magodoro ya sponji yakajaa sokoni na baba akakosa wateja.

Mama alifariki mwaka 1994, naye kwa kifua. Mwezi wa Julai mwaka huu mimi nilipelekwa hospitali Dar es Salaam, kifua kimejaa maji. Daktari aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi kiwandani. Nikasema sijawahi. Nilipomsimulia habari ya magodoro, aliweka kalamu chini.

Alisema kitu kile kinaitwa asbesto, ni jiwe lenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukizivuta kwa pumzi zinafika chini kabisa kwenye mapafu na hazitoki. Seli za kinga zinajaribu kuumeza uzi, lakini uzi ni mrefu, zinashindwa, zinamwaga hapo hapo sumu zilizo nayo mwaka hata mwaka. Sumu ile inakatakata vinasaba, yaani maagizo yaliyo ndani ya kila seli, yanayoiambia lini igawanyike na lini ife. Mwili unaunga palipokatika, ila mara nyingine unaunga vibaya. Mimi mshonaji, hapo nilimwelewa: ni kama kushona mkono wa shati mahali pa kola. Baada ya miaka ishirini, thelathini, inatokea seli moja isiyosikia tena agizo lolote. Inazaana tu. Nilimuuliza dawa. Alinipa ya maumivu.

Haya nilimficha baba. Nilimwambia nina pumu. Ni mtu mzima wa miaka sabini na tisa, nilitaka afe bila kujua. Leo nimeyasema kwa sababu Badru ameapa kurudi, na mtaa mzima uko upande wake. Nilimwomba afande baba atolewe nje kwanza. Afande akasema chumba ni hiki kimoja.

Baba alikuwa kwenye benchi, anaugulia mkono, Badru naye ameketishwa sakafuni. Nilipomaliza, Badru aliniuliza taratibu, "Dada Rukaiya, na sie tuliolala juu yake toka utotoni?" Baba alimsikia.

Ndipo baba alipomwambia afande, "Andika, mwanangu. Badru kasema kweli. Kakosea jina tu. Mwacheni aende kwao." Mimi hakunitazama.

Niliyoyajua nimeyamaliza. Nimesomewa maelezo haya, nimeyakubali kuwa ni yangu, na ninatia sahihi.

(Sahihi) Rukaiya Mudathiri

Maelezo haya nimeyaandika mimi, PC Gharibu, kwa Kiswahili, kama shahidi alivyotamka. Alipumzika mara kadhaa kwa sababu ya kukohoa. Mzee Mudathiri amekataa kushtaki. Ameelezwa kuwa yuko huru kwenda nyumbani, na binti yake amemshika mkono ulio mzima ili waondoke. Mlango uko wazi. Bado amekaa.