Redio ya Mleta Mteja

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Kahama, 17 Agosti 1982

Jina: Thobias Bujiku. Umri: miaka 76. Kabila: Msukuma. Kazi: mstaafu, zamani muuzaji wa magari. Makazi: Nyasubi, Kahama.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Akili yangu ni timamu, ingawa miguu imenikataa na jirani amenileta kwa baiskeli. Daktari ameniambia nisipange habari za kilimo cha mwaka huu, kwa hiyo naona heri niseme sasa.

Nimesikia kwamba Bi Limi Ngassa anatuhumiwa kuiba Land Rover ya marehemu kaka yake, Nkwabi Ngassa, na kwamba mlalamikaji ni Januari, mtoto wa Nkwabi. Kadi ya gari ina jina la Nkwabi. Jina hilo nililiandika mimi, na mwenye gari hakuwa yeye.

Miaka ile niliuza magari katika duka la Bwana Ramniklal mjini Shinyanga. Mshahara ulikuwa mdogo, niliishi kwa kamisheni. Gari likiuzwa nililipwa nusu, na nusu ya pili mteja akirudi kwa sevisi ya kwanza. Bwana Ramniklal alisema muuzaji anayeogopa kumwona mteja wake tena amemdanganya. Huko vijijini hatukuwa na wa kututangazia biashara, hivyo mtu yeyote aliyetuletea mnunuzi alipewa redio. Tulimwita mleta mteja. Mnunuzi mwenyewe hakupewa redio hata siku moja. Tajiri mmoja wa ng'ombe aliwahi kununua pikapu akadai redio pia, akasema, "Mimi nimejileta kwa miguu yangu." Bwana Ramniklal akamjibu kwa Kiswahili chake cha Kihindi, "Basi pa miguu yako redio." Tulicheka, na tajiri naye akacheka, lakini redio hakupata.

Mnamo tarehe 9 Juni 1966, asubuhi, Nkwabi na Limi walifika dukani. Limi alikuwa akifanya biashara ya mpunga. Fedha zilitoka kwenye khanga yake, alizifungua mbele yangu. Nkwabi alikuwa akizunguka gari na kupiga teke magurudumu.

Nilipouliza niandike jina gani, Limi alisema, "Andika la kaka. Mgodi wa Geita unafungwa, mume wangu anarudi. Akikuta gari lina jina langu ataliuza alinywe."

Nikamwambia, "Mayu," yaani mama, "kadi ndiyo mwenye gari."

Akasema, "Kaka ndiye kadi yangu."

Nkwabi akauliza, "Na redio yangu je? Si mimi niliyemleta?"

Nilikwenda kumweleza Bwana Ramniklal ukweli wote. Akasema, "Kadi shauri yao. Nani lipa? Mama huyu. Nani leta? Huyu. Pa yeye redio." Mkewe, Bi Lataben, akaitoa kabatini na kumwonyesha Nkwabi jinsi ya kuiwasha.

Mimi nikajaza fomu ya serikali nikijua ninachoandika si kweli. Sikutaka mauzo yanipotee. Hilo ni kosa langu, naliungama, na sitaki kwenda nalo. Limi aliniomba nisimwambie mtu, nikaahidi.

Waliporudi kwa sevisi Nkwabi alikaa mbele na Limi nyuma juu ya magunia, lakini aliyelalamikia breki ni Limi. Mumewe alipofariki nilimshauri abadilishe kadi. Alisema, "Acha, baba. Wanamwita Mwenye Gari, naye anapenda." Ikabaki hivyo mpaka Nkwabi alipofariki mwezi uliopita.

Nilipofika hapa katika maelezo yangu, Koplo Bhoke, anayeandika maelezo haya, aliwaita Januari na Limi, nikarudia mbele yao. Januari akasema, "Shikamoo, mzee, lakini hadithi hiyo unaitunga."

Nikasema, "Marahaba. Redio aliyopewa baba yako kwa kuleta mteja ilikuwa ya mbao, ina kitambaa cha kijani mbele. Kitufe kimoja baba yako alikivunja palepale dukani kwa kukikaza mno."

Januari akasema, "Tunakizungusha kwa kizibo cha soda mpaka leo." Akamgeukia Limi. "Shangazi, mbona hukusema?"

Limi akasema, "Nilitaka mumzike mwenye gari."

Januari alipiga magoti akamshika shangazi yake mikono, na Koplo akaniletea maji.

Nimevunja ahadi niliyompa Limi na sijutii. Yeye mwenyewe ameniambia "wabeja", yaani ahsante. Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, na moyo wangu ni mwepesi. Nahesabu kwamba gari lile nimelikabidhi leo.

Sahihi: T. Bujiku

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Bhoke, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi, akatia sahihi kwa mkono wake bila kusaidiwa. Mlalamikaji ameondoa lalamiko lake, na mkuu wa kituo ameliachia gari. Shahidi amerudishwa nyumbani Nyasubi kwa gari hilohilo. Dereva: Januari Nkwabi. Bi Limi amekaa mbele.