Simba wa Bahari Wanacheka Kama Baba Nadine

Jumapili, mwezi wa tisa. Columbus. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi bado nina maji sikioni.

Nikiinamisha kichwa upande wa kulia, nasikia bahari. Nadine, binti yangu, anasema yatatoka yenyewe. Sina haraka.

Tumerudi juzi kutoka kisiwani, kule Meksiko. Kitenge changu kinaning'inia bafuni. Nimekifua mara mbili na bado kinanukia chumvi. Nikifumba macho, sakafu inapanda na kushuka polepole kama ile boti.

Niandike kabla haijatulia.

Baba Nadine tulimzika Louisville, kwa sababu mama yake anaishi pale Shively na alitaka mwanawe awe karibu. Kwetu Warundi msiba hauishii makaburini. Mwaka ukipita, ukoo unakutana, watu wanakula na kunywa (siku hizi soda, wengi tumeokoka), mkubwa wa ukoo anasimama na kusema maneno, na hapo matanga yamekwisha. Tunaita kuganduka. Baada ya hapo mjane anaweza kuvaa anavyopenda na kucheza kwenye harusi za watu.

Mkubwa wa ukoo ni shemeji yangu Zakaria, anayekaa Buffalo. Amekuwa akisubiri mimi nikubali siku. Mwaka ulishapita zamani, na mimi nilikuwa bado sijakubali. Aliponipigia mara ya kwanza nilisema zamu zimenibana, maana ninatunza wazee huku Clintonville na wazee hawana sikukuu. Mara ya pili nikasema ninaogopa theluji ya Buffalo.

"Shemeji," akasema kwa upole, "tuko mwezi wa tano."

Watu kanisani wanasema nilimpenda sana mume wangu, ndiyo maana siachi kitenge cheusi. Nilimpenda. Lakini sababu si hiyo.

Tulipokuwa wageni kabisa Louisville, tulipelekwa kuona wanyama. Baba Nadine aliwapita tembo na twiga bila kusimama, akafika kwenye bwawa la simba wa bahari, akagoma kuondoka. Wanyama weusi, wanene, wanang'aa kama viatu vya harusi. Aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni mbwa aliyebatizwa akakataa kutoka majini." Akacheka.

Kicheko chake kilitoka kifuani, kifupi kifupi, kama kubweka. Wale wanyama wakamjibu. Akacheka zaidi, wakamjibu zaidi. Nadine alikuwa mdogo, akajificha nyuma ya sketi yangu kwa aibu.

Zakaria anacheka vilevile.

Siku ya mazishi nilikuwa nimekaa ndani ya kanisa, na huko nje mtu akamsimulia Zakaria jambo fulani la marehemu, akacheka. Nikainuka. Nilifika mpaka mlangoni kabla ya kukumbuka.

Tangu siku ile sijakanyaga Buffalo. Kila alipopiga simu, nilimaliza mazungumzo haraka, kabla hayajachekesha.

Nadine amemaliza chuo cha uuguzi na ameanza kazi. Ndiye aliyesema, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba mimi na yeye tunahitaji jua. Nilikubali bila kuuliza huko kuna nini. Mamamkwe ndiye aliyeshtuka kwenye simu. "Mjane ambaye hajaganduka anakwenda kuoga baharini?" Akaguna. "Basi, uvae nguo."

Nikavaa. Wenye boti walinipa suti nyeusi ya mpira inayobana kila kitu ambacho mama wa umri wangu anapaswa kukisitiri, nami juu yake nikafunga kitenge. Mwongozaji wetu, mama mmoja wa makamo mwenye mikono ya nguvu, alikitazama kile kitenge, akamtazama Nadine. Nadine akatazama bahari.

Tukazunguka jabali kubwa. Niliwasikia kabla ya kuwaona.

Walikuwa mamia juu ya miamba, na wote walikuwa wakicheka kicheko chake.

Nilishika ukingo wa boti. Nadine akaja kukaa karibu yangu. Huyu mtoto hunijibu Kiingereza tangu aanze shule, lakini pale alisema maneno mawili tu, kwa Kiswahili.

"Mama. Baba."

Sijui kuogelea. Baba Nadine alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, na kila kiangazi aliahidi kunifundisha, halafu ghala alilofanyia kazi linamwita zamu ya ziada. Kwa hiyo niliingia na jaketi la kuelea, boya mkono mmoja, mkono wa mwongozaji mwingine. Alinipa miwani ya majini na bomba la kupumulia, akanionya nisicheke. Ukicheka, mashavu yanainuka na maji yanaingia kwenye miwani.

Nikamwambia hilo lisimpe wasiwasi.

Nikaweka uso majini, na kelele zote zikaisha. Nilisikia pumzi yangu tu. Jua lilishuka kama nyuzi ndefu, na mimi nikawa sina uzito, sina miguu inayouma, sina umri. Mtoto wa simba wa bahari akaja kichwa chini, macho makubwa, akanitazama usoni kwa makini kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akanipulizia mapovu. Halafu akauma pindo la kitenge.

Nikavuta. Akavuta.

Nikavuta tena, kwa hasira kidogo, maana kitenge ni changu. Wakaja wenzake wawili kumsaidia. Mwongozaji akaniashiria niachie. Nikafungua fundo, na kitenge changu cha matanga kikaenda zake kikiwa kimekunjuka, watoto watatu wakinyang'anyana, huyu anakivaa kichwani, yule anakipitia chini. Nikamwona Baba Nadine pale bwawani, akigoma kuondoka.

Nikacheka. Maji yakajaa kwenye miwani, puani, sikioni. Nikatolewa kichwa juu nikikohoa na bado nacheka, na dume mmoja mkubwa pale mwambani akanijibu. Nikacheka tena. Akajibu tena. Safari hii Nadine hakujificha.

Mwongozaji alizama kukifuata kitenge, kwa kuwa kitu chetu hakiruhusiwi kubaki kule. Alinirudishia kwa mikono miwili.

Leo baada ya ibada nilimpigia shemeji Zakaria. Nilimsimulia yote, mpaka kuvutana. Akauliza:

"Na kitenge kilirudi?"

"Kilirudi. Kina tundu la jino."

Akacheka. Kile kicheko chenyewe, kifupi kifupi, kutoka kifuani. Simu ilikuwa kwenye sikio lenye bahari, nami sikuiondoa. Nilimwacha acheke mpaka akachoka mwenyewe.

Kisha nikamwambia achague siku, nitakuja.

Akafikiri. Akasema Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwake, na mama ataletwa kutoka Louisville.

"Lakini shemeji," akaongeza, na nikasikia anaanza tena, "safari hii theluji itakuwa ya kweli."

Kesho nikitoka kazini nitapitia dukani nitafute buti.