Jukwaa Letu Limeenda Ziwani

Ijumaa, baada ya Isha. Ujiji kumepoa, kuna upepo kidogo tu kutoka ziwani. Nimekaa barazani, miguu yangu bado ina mchanga, na sina haraka ya kuiosha.

Leo tumeonesha mchezo wetu.

Darasa letu la maigizo chuoni lilipewa mtihani wa kubuni mchezo nje ya ukumbi, mahali penye maisha yake. Tukachagua ufuko wa wavuvi hapa nyumbani kwetu. Hatukuandika chochote. Kila jioni tulipanda kwenye boti zilizovutwa mchangani, tukajaribu hiki na kile, kinachofaa tukakibakiza. Boti tatu ndizo zikawa jukwaa: moja nyumba, moja soko, moja ziwa. Mimi nilicheza binti wa mvuvi. Sikwenda mbali kujifunza.

Baba yangu anavua dagaa. Nilipochagua kusomea maigizo aliuliza mara moja tu, "Mwanangu, hiyo nayo ni kazi?" Hakuuliza tena, na kimya chake kiliniuma kuliko swali lenyewe. Siku zote za mazoezi alikuwa pale pale karibu, anashona nyavu zake, ametugeuzia mgongo. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba siku ya mchezo ageuke atazame.

Jumanne jioni tukafika ufukweni. Hakuna boti hata moja.

Zilikuwa kazini. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika na boti hukaa nchi kavu, giza likirudi hutoka kila jioni. Sisi mazoezi yetu yote tuliyafanya siku za mwezi, tukajisahau kabisa, kama vile boti zile zimepandwa pale. Mwenzangu Bakari simlaumu, kwao Mwandiga wanalima mihogo. Lakini mimi nimezaliwa hapa, na chakula changu chote kimetoka kwenye giza hilo. Mama alinicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Siku haikuweza kusogezwa, wasahihishaji walishaalikwa. Bakari akaniambia nimwombe baba na wenzake wasiende ziwani siku moja tu. Nikakataa. Ndiyo kwanza wameanza kuvua tena, ningemwambiaje abaki nyumbani kwa ajili ya kitu ambacho mwenyewe hana hakika kama ni kazi? Mwalimu Neema, anayetufundisha, akatusikiliza, kisha akasema tuanze mapema, na boti zikitaka kuondoka katikati ya mchezo, ziondoke.

Basi leo tukaanza jua likiwa bado juu. Kina mama wanaoanika dagaa walikaa mbele, wasahihishaji nyuma yao kwenye viti vya plastiki. Mambo yakaenda vizuri hadi nilipofika pale binti anapomuaga baba yake anayekwenda kuvua. Bakari ndiye baba, amekaa ndani ya boti, mimi nimesimama majini.

Boti yenyewe ni ya baba yangu. Na saa yake ya kutoka ilikuwa imefika.

Alikuja na wenzake, wakaingia majini taratibu, wakamfanyia Bakari ishara ashuke. Akashuka. Baba akashika ubavu wa boti, akaanza kusukuma, nikajikuta natazamana naye mimi. Maneno yote yakaniruka. Nilisimama tu.

Baba hakuacha kusukuma. Akasema, kwa sauti ile ile anayowaitia wenzake:

"Taa zote zile ziwani, yako naijua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu. Ameyashika yote, kama yalivyo. Kumbe ule mgongo ulikuwa unasikiliza.

Nikayarudia baada yake. Akarukia ndani, mashine ikawaka, wakaenda. Tukamalizia mchezo kwenye mchanga mtupu, na sijui hata nilisema nini. Baadaye msahihishaji mmoja alimuuliza Mwalimu Neema kwa nini yule mzee hakutambulishwa pamoja na waigizaji wengine. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya mitumbwi mibovu nikalia kidogo.

Sasa taa zimeshatapakaa ziwani. Nazitazama kutoka hapa barazani, na niseme ukweli, zote zinafanana. Yake siijui. Nimesema maneno yale kila jioni bila hata kujaribu kuitafuta.

Alfajiri boti zikirudi nitakuwa majini na chupa ya chai. Nitamuuliza taa yake inakaa upande gani. Halafu nitamchezea sehemu ya mwisho, maana aliondoka hajaiona.