Daftari la Mizabibu la Sista Agnese

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Sista Lissy kaniita ofisini. Ametoka India, shamba la masista liko mikononi mwake tangu Juni. Mezani daftari la mizabibu la Sista Agnese, aliyerudi kwao Italia akiumwa. Kiitaliano kitupu, na Sista Lissy anasoma Kiingereza tu. Akilielewa, mizabibu itabaki. Asipolielewa, ataing'oa apande parachichi. Nikamwambia naweza. Nimeishia la saba, lakini miaka mitano nilikata matawi na Sista Agnese, kila neno akinionyesha kwa mkono. Kiitaliano changu cha shambani tu — hata maji ya kunywa siwezi kuomba. Kiingereza atanisaidia Mwalimu Polikarp, mstaafu, jirani yangu hapa Msamala.

Jumatano, 6 Agosti
Kazi uwanjani kwa Mwalimu, Lidwina wangu mgongoni. Yeye anasoma neno, mimi naonyesha kwa mwili. Cordone — nikanyoosha mkono, tawi refu linalolazwa kwenye waya. Sperone — nikakunja kidole, kijitawi kifupi unachobakiza, chenye macho mawili ya kuchipua. Kiingereza chake Mwalimu hajui. Kaandika tu "short branch, two eyes". Majirani wakachungulia, Mwalimu kawaambia tunafanya mazoezi ya kwaya. Lidwina kala kona ya karatasi.

Alhamisi, 7 Agosti
Sista Lissy kasoma karatasi zetu akiwa mizabibuni. Kacheka, kasema hicho kijitawi kinaitwa spur, ila maneno yetu yaachwe, yanaeleweka zaidi. Kwao wanapandisha pilipili manga mitini. Kufunga tawi anajua kuliko mimi! Umebaki ukurasa wa kwanza: lini kukata.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane
Ukurasa wa kwanza unasema Februari. Nikashtuka. Februari ni mvua, hatujawahi kukata. Tunakata Agosti, baridi ikielekea kuisha. Halafu nikaelewa. Sista Agnese aliandika aliyofundishwa na baba yake, na huko kwao Italia baridi ndiyo Februari. Nikamwomba Mwalimu aandike Agosti. Kakataa.
"Mama Lidu, kutafsiri si kutunga."
Kweli. Lakini macho ya matawi yameanza kuvimba, hayangoji mtu. Nikasema basi, andika Februari, na chini yake: Songea ni Agosti, asema Oliva. Kafikiri sana. Kaandika, na jina langu.
Jioni Sista karudi kutoka maonyesho ya wakulima. Gari limejaa miche ya parachichi.

Jumamosi, 9 Agosti
Sista kasoma, kaniuliza taratibu, kama anaogopa kuniumiza: Sista Agnese anasema Februari, Oliva anasema Agosti, yeye amfuate nani? Nikamjibu, ukingoja Februari hupati zabibu, utasema mizabibu imezeeka. Kaikunja karatasi. Kisha:
"Kata mstari mmoja. Haioti, mizabibu yote nje."
Nikamkaza Lidwina mgongoni, nikashika mkasi. Mzabibu wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Wa saba Sista kaomba akate mwenyewe. Kauweka mkasi pabaya kabisa, kwenye tawi kuu. Nikamshika kiganja — sista, tena mkubwa wangu wa kazi! — nikausogeza. Hakukitoa.
Sasa mapumziko, Lidwina ananyonya. Ikichipua au isichipue, tutajua baada ya wiki tatu. Sista kasimama kwenye mzabibu wa nane, mkasi wazi. Hajakata. Ananisubiri.