Dirisha Lililojibu Radi

Kashebere, Jumanne, jioni inaingia. Mawingu yametokea upande wa Walikale, meusi, yamekaa juu ya msitu na bado hayajaamua. Naandika haraka kwenye simu, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe.

Ninaogopa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote nitakayoandika leo.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu: harusi, ubatizo, picha za kadi za shule. Kamera yangu, apareye kama tunavyosema huku, ni ile ndogo ya kutia mfukoni. Haina mahali pa kufungia flashi kubwa. Basi flashi yangu, niliyoinunua Goma ikiwa imeshatumika, naiweka mbali, mezani au dirishani. Ina jicho dogo jekundu. Jicho likiona mwanga mkali wa ghafla, nayo inawaka papo hapo, bila waya wowote. Kaflashi ka ndani ya apareye kanapiga, ile kubwa inajibu, na chumba kizima kinakuwa cheupe.

Mwanzoni ilinitesa. Apareye ilikuwa inapiga mwanga mara mbili, wa kwanza wa kupima na wa pili wa picha yenyewe, na flashi ilikuwa na haraka ya kujibu ule wa kwanza. Picha zikawa zinatoka giza tupu. Siku nilipopata mahali pa kuzima ule mwanga wa kupima, nilicheza peke yangu chumbani. Nilijiona fundi kweli kweli. Ufundi huo sasa umenitokea puani.

Jumapili nilikuwa kwa Mama Vero, jirani yangu, mjane, kumpiga picha mjukuu wake aliyepokea komunyo ya kwanza. Nyumba yake ya mbao ina giza hata mchana, kwa hiyo niliweka flashi dirishani, uso wake ndani. Tulipomaliza tukaitwa kula kwa binti yake, nyumba ya nyuma. Niliacha vitu vyangu pale pale. Flashi ile ni ya zamani, haijizimi yenyewe.

Na mimi sikuizima.

Mvua ikashuka. Sijui kama kuna nchi ambayo mbingu inapiga kama huku kwetu. Kila ukoo una mtu uliyemzika kwa ajili ya radi. Ikianza kunguruma, watu wanafunika vioo, wanageuza sufuria, wanazima simu, kwa sababu kitu kinachong'aa kinaiita. Mama Vero mwenyewe alifunika kioo chake kwa kitenge kabla hatujatoka, nilimwona. Na radi ikiumiza mtu, hakuna anayesema imeanguka tu. Wanauliza nani ameituma.

Watu waliokuwa wanatoka misa ya pili walijibanza chini ya mabati ya depo ya mihogo, mkabala na dirisha la Mama Vero. Wakaona. Kila radi ilipopiga juu, dirisha likajibu chini. Nyumba haina mtu, mlango umefungwa, na ndani mwanga mweupe unapiga kila mbingu inapopiga. Halafu radi moja ikashuka kwa Papa Bauma, jirani yetu mwingine, ikaua mbuzi zizini na kumwangusha mke wake. Mama huyo yuko hai, lakini mkono wake wa kuume hausikii kitu mpaka leo.

Sisi wakati huo tulikuwa tunakula bugali na kucheka. Mvua ilipokatika nilichukua vitu vyangu, nikarudi nyumbani bila kujua lolote.

Jana asubuhi neno lilikuwa limeshafika mtoni: Mama Vero anaita radi. Nilielewa mara moja. Nikarudi nyumbani bila kuchota maji, bidoni tupu mkononi, nikafunga mlango, nikanyamaza mchana kutwa. Nilijiambia kwamba ni mzee, wanamheshimu, yatapita. Nilijua hayatapita. Kuna mzee wa upande wa Masisi aliyesemwa hivyo hivyo, wakamchomea nyumba. Na mimi hapa ni mtu wa kuja. Nimetoka Burungu nikikimbia vita, watu hawa wamenipokea. Mgeni mwenye mashine inayojibu radi, nani atasimama naye?

Leo asubuhi vijana walimtoa Mama Vero nyumbani kwake, miguu mitupu, wakampeleka kwa chefu wa kijiji.

Sikumbuki nilivyovuka barabara mpaka uani kwa chefu. Nakumbuka mfuko wa apareye niliokuwa nimeukumbatia kifuani, na sauti yangu, ambayo hata mimi sikuitambua: "Papa Chefu, haiko ye. Iko mashine yangu."

Wakataka kuona. Niliweka flashi juu ya kiti pale uani, nikapiga. Kaflashi kakawaka, ile kubwa ikanyamaza. Jua lilikuwa kali, jicho lake halikuona kitu. Nikapiga tena, kimya. Mama mmoja akacheka kicheko kibaya. Kijana aliyemshika Mama Vero akazidi kumkaza mkono, niliona vidole vyake vikizama. Nikaiondoa flashi kitini.

"Tuingie mu nyumba," nikasema mwishowe. "Hii inatakaka giza."

Nikiyasikiliza maneno hayo sasa, ni ya mchawi kabisa.

Tuliingia stoo ya maharage, chefu, Papa Bauma, wazee wengine na mimi, mlango ukafungwa. Nikapiga. Chumba kikawa cheupe, Papa Bauma akaangukia magunia huku akimwita Yesu. Nikapiga tena na tena ili kila mtu aone. Kila nilipopiga, ilijibu. Nilifikiri yamekwisha. Nilikuwa nangoja mtu acheke, tucheke wote, twende nyumbani.

Papa Bauma akainuka, akajipangusa vumbi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeulizia njia: "Sawa. Sasa ni hii mashine njo iliita radi kwangu?"

Nikaanza kueleza. Flashi inajibu tu, haiiti. Mwanga wa juu unatangulia, huu unafuata. Radi haitumwi na mtu. Chefu akainua mkono.

"Dada, radi haianguki bure. Iko mashine, ao iko ule mama. Sema moja."

Katika nyufa za mbao niliona miguu ya Mama Vero kule nje. Alikuwa amekanyaga mguu mmoja kwa mwingine, kama mtoto anayesikia baridi.

Nikasema, "Iko mashine."

Si kweli. Naandika hapa ili kuwe na mahali pamoja penye ukweli: si kweli. Lakini walimwachia.

Chefu amebaki na flashi. Nimekatazwa kutoa apareye wingu likiwa juu, na huku wingu liko juu karibu kila siku ya Mungu. Hakuna aliyenigusa. Papa Bauma hata alinipa mkono, na akiwa bado ameushika wangu, akaniuliza kama nyumba yangu ina dirisha la kutazamana na kwake. Nikasema ndiyo.

"Basi tutakuwa tunaangalia," akasema.

Mchana nilikwenda kwa Mama Vero kumpa pole. Alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliponiona aliacha majani yakamwagika, akamvuta mjukuu wake ndani, na nikasikia komeo. Nikasimama pale kama mjinga. Kisha sauti yake ikaja kutoka ndani, ya upole, hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Mwanangu, usiingie. Mvua inakuya."

Simlaumu. Ana mtoto wa kulinda. Nimelia njia nzima, kisha nikaona aibu kulia.

Sasa ngurumo ya kwanza imepita. Wapo watu chini ya mabati ya Papa Bauma, wamesimama, nyuso zao ziko upande wangu. Naandika haya chini ya blanketi ili mwanga wa simu usionekane. Najua radi ni nini. Nimeisoma shuleni, leo nimeieleza mbele ya wazee. Hata hivyo tangu nianze aya hii midomo yangu inanong'ona, na simwombi Mungu. Naiambia radi yenyewe: pita, mama yangu, pita mbali, piga msitu, usipige mtu wa hapa.

Kesho wakiniuliza kama ninaongea nayo, nitajibu nini?