Vita Baridi vya Bonde la Vitunguu

Jumapili, 6 Juni 1993

Sikwenda kanisani. Mungu ananiona vizuri zaidi huku kigongoni, hakuna bati katikati yetu. Mke wangu Selina amenuna. Kasema mchungaji ataniulizia. Aulize! Ajibiwe kwamba mzee Simoni analinda vitunguu.

Kibanda kimekwisha. Nguzo nne, nyasi juu, upande wa upepo nimeziba kwa gunia. Upepo wa Iramba mwezi wa sita hauna adabu — unaingia kwenye mkono wa shati unatokea kwenye suruali, bila hodi. Lakini bonde lote naliona. Kijito, matuta, na mstari wa miti ya manyara unaotenga shamba langu na la shemeji Lazaro, kaka yake Selina. Mwaka jana mstari ule ulikuwa ng'ambo ya mfereji. Mwaka huu uko upande wangu. Manyara ya siku hizi yana miguu!

Zamani bonde hili lilikuwa la vyura. Tangu serikali iruhusu kila mtu auze apendavyo, malori ya Dar yanafika mpaka Ulemo kufuata vitunguu, na Lazaro amekumbuka ghafla kwamba babu yake alilima hapa. Baraza la kata limesema tuvune kwanza, halafu watakuja kupima. Tungoje! Manyara ni kukata kijiti na kuchomeka, kukicha mpaka umehama. Sing'oki hapa.

Jumatano, 9 Juni

Lazaro naye anajenga! Kigongo cha ng'ambo, juu kidogo kuliko changu. Mjinga yule. Juu zaidi, baridi zaidi.

Amewasha moto, nami nimewasha. Moshi wake ukanitazama, wangu ukamtazama. Nikamwita mwizi wa vijiti. Upepo ukaleta jibu: kifaranga cha KAR, jeshi la Mwingereza nililolitumikia ujanani. Nikamwita fisi. Akaniuliza fisi gani nilimwolea dada. Hapo alinipata, nakiri. Tumetukanana mpaka jua likapanda, tukagusa kila kitu isipokuwa mama yake, marehemu. Yule ni mkwe wangu. Jina la mkwe halipiti mdomoni mwa mtu, hata mtu kama mimi.

Alhamisi, 17 Juni

Mwalimu Chrispin amepanda kunisalimia. Mstaafu, mnene, amefika anahema kama mpira wa baiskeli uliotoboka. Alikuwa na gazeti kuukuu. Kanisomea kwamba Wamarekani na Warusi wameweka askari kwenye barafu, nchi ambazo hata mchicha hauoti. Miaka na miaka! Nikamuuliza wanalinda nini huko, mawe?

Akachukua kitunguu changu. Mizizi chini, shina juu. Akasema hii dunia. Marekani shavu hili, Urusi shavu lile. Ukizunguka tumboni ni mbali. Ukipita juu, penye shina, ni karibu — na bomu halipendi safari ndefu. Basi anayekaa pale penye shina, na baridi yake, anauona ugomvi kabla haujafika. Mahali penyewe hapana faida. Faida ni kile unachokiona ukiwa pale, na kile mwenzako asichothubutu kwa sababu uko pale.

Nikasimama. Nikamwonyesha kibanda changu kwa mkono. Akacheka mpaka tumbo likaruka.

Akasema hivyo ndivyo vinavyoitwa vita baridi. Nikasema lazima, kwa baridi hiyo! Akasema hapana mzee, baridi maana yake bila risasi. Bila risasi! Huyu hajawahi kulala nje. Mimi Uhabeshi nimelinda njia ya mlimani, asubuhi mawe yamevaa barafu kama chumvi. Nilimuuliza sajini tunalinda nini. Akasema, "Tunalinda ili wao wasilinde." Hivyo ndivyo vita baridi. Mwalimu abaki na chaki yake.

Kisha tukaikata dunia, tukailia ugali.

Jumamosi, 19 Juni

Mnadani Ulemo. Lazaro amenunua koti la mtumba! Nene kama godoro, rangi ya chungwa, kofia yake ina manyoya pembeni. Lilishonwa kwa watu wa barafu, naapa. Anatembea nalo kama askofu. Mimi nina koti la jeshi ambalo nondo wamelila wakabakiza vifungo.

Nilikasirika. Penye banda la nyama, watu wakiwa wengi, nikapaza sauti: "Lazaro simgusi hata kwa kidole. Nampiga vita baridi. Baridi ndiyo itamtoa kule mlimani!"

Watu wakasogea nyuma. Mama mmoja akavuta kanga akajifunika kifua. Nikafurahi, kumbe wanaheshimu elimu.

Jumamosi, 26 Juni

Nimesalitiwa.

Asubuhi nimemwona mtu anapanda kwa Lazaro na kikapu. Mwendo naujua, nimeutazama tangu ujana wangu. Selina! Anampelekea uji. Uji uleule wa uwele anaoniletea mimi, sufuria moja.

Aliporudi nikamuuliza kama anajua maana ya adui. Hata kikapu hakutua. Akasema, "Niliolewa na wewe. Sikumpa kaka yangu talaka."

Akasema tena kwamba sisi wote wawili tuna kifua kibovu na akili mbovu zaidi, nishuke. Nikasema atakaposhuka Lazaro. Akasema na yeye kasema hivyohivyo, maneno yaleyale, hata kukohoa tunakohoa sawasawa. Nikanywa uji. Ulikuwa mtamu, hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 2 Julai

Lazaro anakohoa. Upepo ukigeuka nasikia kifua chake kama mtu anapasua kuni mbichi. Matusi yake yamekuwa mafupi. Jana kaniita "wewe" tu, akaishia hapo.

Mchana amekuja Urbano, mwenyekiti wa kitongoji. Kijana wa kunitolea shikamoo mbili kwa kawaida. Leo moja, na macho yapo chini. Kasimama mbali na moto wangu. Nikamkaribisha kiazi, akakataa. Kiazi cha kuchoma, mtu anakataa!

Kazunguka weee. Mwisho akasema, "Mzee wangu, watu wanasema umemtumia baridi."

Sikuelewa. Akafafanua. Nilitamka mwenyewe mnadani, mbele ya watu, kwamba nampiga kwa baridi na simgusi. Na sasa Lazaro anatetemeka ndani ya koti lile lote, moto mbele yake, hapati joto. Baridi gani hiyo kama si ya kutumwa? Vita baridi — wanadhani ni jina la dawa!

Nikacheka. Kicheko kikaishia katikati. Nikaanza kumweleza kitunguu, shina, Urusi. Macho yakamtoka. Nadhani nilizidisha. Mwalimu Chrispin angeeleza, lakini yuko Singida kwa bintiye. Wakati wa kuchekwa alikuwepo, wakati wa kuokolewa yuko Singida!

Urbano kasema yeye hasemi ni kweli. Ila likimpata Lazaro la kumpata, yeye hataweza kuwazuia sungusungu, walinzi wa kijiji. Wale wana mishale na hawana maswali. Na kasema nisimsogelee Lazaro hata hatua moja.

Nikasema sina haja ya kumsogelea, nyani yule.

Jumatatu, 5 Julai

Selina kapanda basi kwenda Kiomboi, hospitali, kumtafutia kaka yake dawa. Atarudi kesho. Hakuniaga. Kaacha uji, na blanketi lake mwenyewe juu ya sufuria.

Lazaro leo hakutukana. Moshi upo, mwembamba. Naomba — hapana, siombi. Natazama tu.

Jumanne, 6 Julai

Moshi hakuna.

Jua limetoka. Umande umekauka. Hakuna moshi kigongo cha ng'ambo. Pengine kalala. Pengine mtego, nishuke bondeni, yeye akimbilie manyara. Warusi wangefanya hivyo.

Kutoka kijijini hawakioni kibanda chake, kigongo kinawaziba. Hakuna anayekiona, ila mimi. Mwalimu alisema faida ni kile unachokiona. Haya, nimekiona. Sasa?

Nimemtukana. Fisi. Mwizi. Koti la mwanamke. Sauti yangu imerudi peke yake.

Nikienda nikamkuta mzima, kanishinda, nimeshuka wa kwanza. Nikienda nikamkuta vingine, watasema nilikuja kumalizia. Nisipoenda — Selina anarudi na basi la leo, atanitazama.

Nimechukua blanketi. Nimeliweka. Nimelichukua tena.

Kabla ya kushuka nimefanya jambo. Nimesimama penye jiwe, nikalitaja jina la mama yake. Jina tupu, bila tusi. Miaka yote ya ndoa sijalitamka. Hakuna mtoto wa mtu angenyamazia hilo, hata akiwa na homa ya kufa. Nilisubiri anitukane mpaka ukoo wangu uishe.

Kimya.

Nimeshuka. Niko kwenye mpaka sasa, nimekaa kidogo, naandika. Vijiti vya manyara vipya vitatu, vimechomekwa upande wangu. Mshenzi! Sijaving'oa.

Juu kule mlangoni naiona kofia ya manyoya. Imeegemea nguzo. Kwa barabara ya chini wanapita watu wawili, wamesimama, wananitazama nina blanketi mkononi upande wa Lazaro.

Kofia imetikisika. Au ni upepo. Manyoya yale yanatikisika ovyo.

Naenda. Wananiita jina langu kule barabarani — waite. Nimelikunja daftari, blanketi liko begani, napanda kwa Lazaro.