Sauti Niliyomwibia Maître Ayoubu

Mama Ernestine mpendwa, naomba unisaidie, na naomba pia jina langu usilisome redioni, maana mimi ni kijana wa hapa Kasongo na kila mtu ananijua kwa kazi yangu, na jambo hili limenikaa rohoni.

Kazi yangu ni kutafsiri katika sale ya video, chumba cha kuonyeshea filamu, karibu na soko. Tunaletewa kutoka Kindu, kwenye kadi ndogo za kumbukumbu za simu, katuni za Kijapani, wenyewe tunaziita manga, wahusika wanaongea Kijapani na chini kuna maandishi ya Kifaransa, basi mimi nakaa na mikro pembeni ya televisheni, nasoma yale maandishi na kuyasema kwa Kiswahili chetu, kila mtu na sauti yake, na watu wanapenda sana. Mwaka jana tulipata moja ndefu ya mtoto yatima anayefundishwa upanga na mzee mkali, mzee hacheki, hasifu, anamwaga wali wa mtoto chini, anamlaza nje kwenye mvua, na mimi nilipomwona tu nikajua nitampa sauti ya nani.

Nilimpa sauti ya Maître Ayoubu, mwalimu wangu wa zamani. Huyu ni fundi wa baiskeli, lakini alipokuwa kijana alijifunza mchezo wa upanga huko Bukavu, na mimi nilipokuwa na miaka kumi na sita alikuwa akitufundisha vijana kumi na wanne nyuma ya nyumba yake, kwa panga za mti alizozichonga mwenyewe. Mama, hakunisifu hata siku moja, upige vizuri, upige vibaya, neno lake ni lilelile, kwamba sifai kitu, "Bado. Iko bure." Halafu Jumapili moja wakaja wanaume watatu kutoka upande wa Salamabila, wakakaa kwenye benchi kututazama, na Maître akatuita mbele yao mmoja mmoja akitutukana, na ilipofika zamu yangu akachukua upanga wangu wa mti akauvunja kwa goti, akawaambia wale wageni, "Huyu iko bure kabisa. Ni mwoga. Hata kuchota maji hawezi." Nililia mbele za watu. Akanifukuza, akasema nisikanyage tena kwake, na wiki ileile akafunga mafunzo yote, na sisi tukasema ni roho mbaya tu, nikamchukia miaka sita.

Kwa hiyo kwenye sale nilimweka mzima mzima, ile sauti ya puani, kile kikohozi, ile "Bado. Iko bure." Watu walikufa kwa kicheko, sale ikajaa, patron mwenye sale akaongeza mabenchi. Haukupita mwezi, Maître akipita sokoni watu wanamwambia "Bado, iko bure", watoto na wakubwa, na mimi nilisikia na nikafurahi, siwezi kukudanganya.

Kumbe ile kadi ilikuwa nusu ya hadithi. Mwezi uliopita ikaja nusu ya pili, na mimi huwa sitazami kwanza, natafsiri palepale watu wakiwa wamekaa. Mchana ule nikamwona yule mzee wa katuni, mtoto amelala, yeye amekaa kwenye baridi anashona viatu vya mtoto vilivyopasuka mazoezini, anapuliza vidole vyake na kusema peke yake, "Kesho pia nitamkaripia, nikimwonea huruma atakufa vitani." Nikasema maneno hayo kwa sauti ileile, maana ndiyo sauti niliyokwisha kumpa, na watu wakacheka. Mzee anamwombea mtoto kwa Mungu, watu wanashika mbavu, kwa sababu mimi ndiye niliyewazoeza kucheka kila anapofungua mdomo. Nilishindwa kuendelea, nikaweka mikro chini, nikamwambia patron tumbo linauma.

Kesho yake nikaenda kwa Maître. Nikamkuta dada yake, Mama Safi, amekuja kutoka Lusangi, anafunga mikeka na sufuria. Nilipojitaja akaweka sufuria chini, akaniambia, "Wale wanaume watatu walikuwa wanatafuta vijana wa kushika bunduki kule porini. Kaka yangu alijua. Aliwatukana ninyi wote ili wawaone hamuna faida, wawaache. Wewe ulilia, wakakuacha. Mwenzako alikasirika." Mwenzangu ni Élysée, rafiki yangu, ambaye siku ile alipoambiwa "Bado, iko bure" alishikwa na hasira, akaokota upanga wa mti akawaonyesha wageni yote aliyoyajua, nao wakampigia makofi, na baada ya siku mbili akawafuata, na mpaka leo mama yake hajapata hata maiti. Mama Safi akasema, "Kaka yangu anaamini ile neno njo ilimupeleka Élysée. Njo maana alifunga mafunzo. Sasa wewe umeifundisha soko muzima, na kila siku wanamurudishia."

Mama Ernestine, Maître haendi tena msikitini, baiskeli za watu hagusi, na mwisho wa mwezi huu dada yake anamhamishia Lusangi na hatarudi. Nimekwenda mara tatu, nimesimama dirishani nikimweleza kwamba sikujua, kwamba sasa nimeelewa, na yeye yumo ndani na hajibu. Nikishika mikro sauti inayotoka ni yake. Sioni njia, na wakati mwingine nafikiri bora niende Salamabila nishuke kwenye mashimo ya dhahabu na watu wasinione tena. Nifanye nini kabla hajaondoka?

Ni mimi, mwenye kujuta, Kasongo.

*

Mwanangu, jina lako sikulisoma, lakini Kasongo ina mtafsiri mmoja tu wa hizo manga, kwa hiyo saa hii wasikilizaji wote wanajua ni wewe, na huenda Maître Ayoubu naye ana redio. Ulimtukana kwa mikro, sasa umetaka kumwomba radhi kwa mikro yangu. Haitoshi, na wewe unajua haitoshi.

Nakuhurumia, nalisema mapema kwa sababu sitalirudia. Ulikuwa na miaka kumi na sita, uliaibishwa mbele za watu, na hakuna aliyekueleza sababu. Mtoto yeyote angechukia. Maître alikuwa na miaka sita ya kukuita na kukuambia neno moja, hakukuita, hilo ni lake na usilibebe. Lakini sauti ile, kikohozi kile, furaha uliyoipata mzee akizomewa sokoni, hayo ni yako, na wala hayakuhitaji nusu ya pili ya katuni yoyote ili ujue kwamba ni mabaya. Mzee anatukanwa njiani na wewe unangoja kadi kutoka Kindu ikufundishe huruma?

Habari ya Salamabila ifute leo. Siku ile mzee huyo alipigana bila upanga, akashindwa kwa mmoja na kwako akafaulu. Ukijitupa kwenye mashimo hayo utamnyang'anya hata hicho alichofaulu. Sitaki kulisikia tena.

Sasa nisikilize. Ulikwenda mara tatu, peke yako, ukasimama dirishani ukijieleza. Ni nani aliyekulea? Hapa kwetu kijana hamwendei mzee kuomba msamaha kama anakwenda kuazima pampu ya baiskeli. Unatafuta mjomba wako, au mzee mwingine wa ukoo, unamweleza ulichofanya bila kupunguza, anabeba kuku mkononi, mnakwenda asubuhi na mnapita mlangoni. Anaongea yeye. Wewe unakaa chini na unanyamaza. Usimsimulie habari za viatu vya katuni, usimwambie umeelewa. Mzee aliyezikwa na maneno yako kwa mwaka mzima hana haja ya maneno mengine kutoka kwako.

Kabla ya hapo una sehemu mbili za kupitia, na usigeuze mpangilio wake. Kwanza nenda kwa mama yake Élysée. Kisa hiki kina mtoto wake ndani, na alistahili kukisikia kwako kabla hujaniandikia mimi. Hapo nami nina kosa, nilipaswa kukutuma kwake kwanza kabla ya kuisoma barua yako hapa redioni, basi nimemtuma binti yangu asubuhi hii amwombe tuonane. Wewe nenda leo hii. Kama atalia, kaa naye. Kama atakufukuza, toka.

Pili, siku sale imejaa kuliko siku zote, mwambie patron akupe dakika kumi. Akikataa, simama mlangoni watu wanapotoka. Ongea kwa sauti yako, ile uliyozaliwa nayo, useme ni kwa nini Maître aliwatukana ninyi siku ile na maneno yale yalimwumiza namna gani. Walikotoka wale wanaume watatu usipataje, nami hapa redioni nimeparuka, hatutaki kukuzika. Watu watacheka, maana uliwazoeza vizuri. Endelea kusema mpaka wachoke kucheka. Na kuanzia kesho, mtu yeyote akimzomea mzee sokoni, mfuate huyo mzomeaji mpaka kwake, umwambie mbele ya nyumba yake kwamba ni wewe uliyemfundisha kuzomea. Itakuchukua siku nyingi, na utachekwa wewe.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Mzee wa katuni yako alikuwa mkali na ndani yake mlikuwa na wema, na Maître Ayoubu siku ile ya wageni alikuwa hivyohivyo. Sasa naogopa utakaa mbele ya mlango wake uliofungwa ukijifariji kwamba na huo ni upendo uliofichwa. Huenda sio. Huenda ameumia tu, na ataondoka Kasongo bila kukusamehe, na hana kosa. Siwezi kukuahidi kitu kwa niaba yake.

Mwisho wa mwezi ana mizigo, na Mama Safi si msichana. Siku hiyo fika mapema, beba mikeka, beba sufuria, funga kila kitu vizuri juu ya pikipiki mpaka kamba ikaze. Halafu simama pembeni wapite, na usingoje akuangalie.